Umeshindwa kufanya kazi: uanzie WCF, NSSF, PSSSF au TASAF?

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini swali hili mara nyingi huulizwa na ndugu wa mgonjwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Baba alikuwa fundi kwenye mashine ya kupasua mbao Mafinga, msumeno ukamkata vidole vinne. Dada alikuwa mchuma chai Mufindi, presha ikapanda, akapooza upande mmoja. Kaka ni dereva wa bodaboda Mwanjelwa, mguu umevunjika na haujaunga vizuri. Wote watatu hawawezi kazi, na wote watatu wanaambiwa na majirani: "Si kuna hela ya serikali ya walemavu? Nendeni mkaulizie."

Tanzania Bara haina fao moja ambalo kila mtu hulipwa kwa sababu tu ana ulemavu. Ipo mifuko kadhaa, na kila mmoja una swali lake. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, inauliza: ulemavu huu umetokana na kazi? NSSF na PSSSF, mifuko ya hifadhi ya jamii inayolipa pensheni, zinauliza: umechangia kiasi gani, na uwezo wako wa kujipatia kipato umebaki kiasi gani? TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaosaidia kaya masikini, inauliza: kaya yenu ina hali gani? Mtu anaweza kuwa hoi kitandani na bado akakataliwa, si kwa sababu hajaumwa vya kutosha, ila amepeleka jibu zuri kwenye dirisha lisilo lake. Nimewasaidia wanachama wa tawi letu la chama cha wafanyakazi kujaza fomu hizi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: watu wenye haki kabisa, wakizungushwa kwa kuanzia pasipowahusu.

Vigezo nitakavyotumia

Kila mfuko nitauangalia kwa mambo manne: nani anaingia, nini kinapimwa, unapata nini, na karatasi gani pamoja na muda gani. Mwisho wa kila mmoja nitasema unamfaa nani. NSSF na PSSSF nimeziweka pamoja kwa sababu mantiki yake ni moja. Tofauti kubwa ni nani mwajiri wako.

Ila kabla ya kulinganisha chochote, kuna jambo ambalo likiharibika linaharibu mengine yote.

Usiandike barua ya kuacha kazi

Mtu akiugua muda mrefu huanza kuona aibu. Wenzake wanamfanyia zamu, msimamizi anamuuliza kila wiki, na siku moja anaandika barua: "Naomba kuacha kazi kwa sababu ya afya." Anaona amefanya uungwana. Kumbe amejitoa kazini mwenyewe, kwa hiari yake, na karatasi hiyo itamfuata kila ofisi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hizo ndizo siku za kukusanya vyeti na kufungua madai. Zikiisha na bado huwezi, mwajiri hawezi tu kukuambia usirudi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) zinamtaka achunguze hali yako na aangalie kama ipo kazi nyepesi unayoiweza. Akikufukuza bila utaratibu huo, una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 ni chache mno kwa mtu aliyelazwa, kwa hiyo ndugu mmoja ashike jukumu hilo mapema.

WCF: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi

*Nani anaingia.* Mfanyakazi yeyote wa Tanzania Bara mwenye mwajiri, wa serikali au binafsi. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, na hairuhusiwi kukukata wewe hata senti. Kwa hiyo usiangalie salary slip ukidhani kwamba kwa kuwa WCF haionekani humo, basi wewe hujaandikishwa. Huwezi kuiona pale.

*Nini kinapimwa.* Kwanza chanzo. Je, umeumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi, au umepata ugonjwa unaotokana na kazi? Ajali ya barabarani nayo inaweza kuingia, kwa mfano mkiwa kwenye gari ambalo mwajiri amelitoa kuwapeleka au kuwarudisha wafanyakazi. Na magonjwa watu huyasahau: aliyepoteza usikivu baada ya miaka mingi kando ya mashine ya mbao, au mchimbaji wa Chunya ambaye mapafu yameharibika kwa vumbi la mawe. Hawa hawana tarehe ya ajali, lakini wana madai.

Chanzo kikikubalika, daktari aliyefundishwa tathmini hii hukupima ulemavu kwa asilimia. Upimaji huo hufanyika pale matibabu yanapokuwa yamefikia mwisho wake, yaani hali haitarajiwi kubadilika sana tena. Ndiyo maana wengine wanaona kama wamecheleweshwa. Kupimwa mapema sana nako kunaweza kukuumiza, kwa sababu jeraha ambalo halijatulia halipimiki sawasawa.

*Unapata nini.* Kwa hapa WCF ndiyo yenye mambo mengi kuliko mingine. Matibabu yanalipwa. Ukiwa nje ya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi hadi miezi 24. Anayepata 400,000 basi ni 280,000. Ulemavu ukiwa wa kudumu, mpaka ni asilimia 30. Usipozidi hapo unalipwa mkupuo mara moja. Ukizidi hapo unalipwa pensheni ya kila mwezi kwa kadiri ya asilimia uliyopewa. Zipo pia huduma za utengemao, yaani za kukusaidia urudie kujimudu, malipo kwa ajili ya mtu anayekuhudumia muda wote kama huwezi kujihudumia, na pensheni ya wategemezi endapo mfanyakazi atafariki.

*Karatasi na muda.* Hapa ndipo madai mengi hufia. Mwambie mwajiri mara moja, na kwa maandishi. Yeye anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku 7 za kazi. Ukikaa kimya zaidi ya miezi 12 tangu ajali, haki yako iko hatarini kupotea. Mwajiri akisuasua, usimsubiri: nenda ofisi ya WCF mwenyewe.

Kisha tazama cheti chako cha daktari. Nimekutana na vyeti vya namna mbili kwa jeraha lilelile. Cha kwanza: "Maumivu ya mgongo. Apumzike siku 14." Cha pili: "Ameanguka kutoka juu ya lori la magogo akiwa anapakia, kazini, saa nne asubuhi, pingili ya mgongo imeathirika, hawezi kuinama wala kunyanyua mzigo." Cha kwanza kinaweza kuwa cha mtu aliyelala vibaya kitandani. Cha pili kinaeleza mahali, saa, kazi na kilichopotea. Daktari huandika alichoambiwa, kwa hiyo siku ya kwanza hospitalini, hata kama ni ndugu anayeongea kwa niaba yako, sema wazi kwamba umeumia kazini na ulikuwa unafanya nini. Usione haya kumwomba aandike hivyo. Na kama ni ajali ya barabarani au ya kushambuliwa, fomu ya polisi ya PF3 itahitajika, tunza nakala.

*Inamfaa nani.* Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, hata kama ana wiki mbili tu tangu aajiriwe, kwa sababu hapa hakuna idadi ya miezi ya kuchangia. Haimfai aliyepooza nyumbani kwa presha au kisukari, hata kama ametumikia mwajiri mmoja miaka 20. Wala haimhusu aliyejiajiri.

NSSF na PSSSF: pensheni ya ulemavu

*Nani anaingia.* Tangu mwaka 2018 mgawanyo ni huu: watumishi wa umma wako PSSSF, ambao ulizaliwa kwa kuunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF; sekta binafsi na waliojiajiri wako NSSF. Mwalimu wa sekondari ya serikali Rungwe ni PSSSF. Mlinzi wa kampuni binafsi Kabwe ni NSSF. Mkulima wa kahawa Mbozi au mama lishe wa Uyole anaweza kujiandikisha NSSF kwa hiari na kuchangia mwenyewe, ila afanye hivyo angali mzima.

*Nini kinapimwa.* Chanzo hakina uzito hapa. Uugue kwa presha, kifafa, saratani au uanguke bafuni, mfuko hauulizi ilikuwaje. Unauliza mambo mawili.

La kwanza ni uwezo wa kujipatia kipato. NSSF inataka bodi ya madaktari ithibitishe kwamba umepoteza theluthi mbili ya uwezo huo. Zingatia: ni uwezo wa kipato, si kiungo. Dereva wa lori la Tunduma na mhasibu wa ofisini wakikatwa mguu mmoja kila mtu, hawajapoteza kitu kilekile. Kwa hiyo mbele ya bodi usieleze maumivu tu. Eleza kazi yako ilivyokuwa: unasimama saa ngapi, unanyanyua kilo ngapi, unatembea umbali gani mteremkoni, na lipi kati ya hayo huliwezi tena.

La pili ni michango, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu huku kwetu kwenye kazi za msimu ndipo panapokwamisha watu. Pensheni ya ulemavu ya NSSF inahitaji uwe hujafikia umri wa kustaafu, na uwe na michango ya miezi 180. Au angalau miezi 36, ambayo 12 kati yake ni ile iliyotangulia ulemavu moja kwa moja.

Tuseme mama mchuma chai amechangiwa kuanzia Januari 2016 hadi Desemba 2020. Hiyo ni miezi 60. Mkataba ukaisha, akawa kibarua wa kutwa, leo shamba hili kesho lile, bila mchango wowote. Machi 2024 akapooza. Jirani yake aliandikishwa Februari 2021 na michango yake haikukatika hata mwezi hadi Februari 2024, miezi 37. Naye akapooza Machi hiyohiyo. Mwenye miezi 37 ana sifa ya pensheni ya kila mwezi. Mwenye miezi 60 hana, kwa sababu ile 12 ya mwisho haipo na 180 hajaifikia. Yeye atalipwa mkupuo. Ni uchungu kulieleza hili kwa mtu aliyetumika muda mrefu zaidi, lakini ni bora alijue kabla hajauza mbuzi kwa ajili ya nauli.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kuomba NSSF ni taarifa ya michango yako, mwezi kwa mwezi. Usikubali jumla tu. Tafuta mapengo. Pengo likiwa kwenye mwezi uliokatwa mshahara na salary slip unayo, hilo ni deni la mwajiri na unaweza kulidai. Ukiwa ulizitupa zile karatasi, unabaki na neno lako.

*Unapata nini.* Pensheni ya mwezi ambayo kiasi chake hutegemea mshahara na muda uliochangia, au mkupuo kwa asiyetimiza masharti. Usichanganye na fao la kukosa ajira. Hilo linampa aliyepoteza kazi bila kujiuzulu, mwenye michango ya miezi 18 au zaidi, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 basi. Kuna wagonjwa wanaoelekezwa huko kwa sababu dirisha lake ni jepesi. Ikiwa hutarajii kurudi kazini, uliza kwanza la ulemavu.

*Karatasi na muda.* Kitambulisho cha NIDA chenye majina yanayolingana herufi kwa herufi na ya uanachama. Kule kwetu mtu ni Mwakyusa kwenye kadi moja na Mwakiusa kwenye nyingine, na herufi hiyo moja inaweza kukaa na faili lako miezi. Halafu barua ya mwajiri inayosema ajira imekoma kwa sababu ya afya, historia yote ya matibabu, na akaunti ya benki. Kwa mtumishi wa umma, safari huanzia kwa afisa utumishi: yeye ndiye anayeanzisha utaratibu wa bodi ya madaktari na wa kustaafishwa kwa maradhi. Kwa wagonjwa wenye faili Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya mkoa Iringa, ombeni muhtasari wa matibabu wenye tarehe zote, sio karatasi ya ziara ya mwisho tu.

*Inamfaa nani.* Aliyeajiriwa kwa mkataba na kuchangiwa mfululizo, ambaye ugonjwa wake hauhusiani na kazi. Haimsaidii sana aliyekaa nje ya mfumo kwa muda mrefu.

TASAF: ruzuku kwa kaya masikini

*Nani anaingia.* Kaya, si mtu. Kilema tajiri haingii, na mzima masikini anaweza kuingia. Mkutano wa kijiji au mtaa ndio unaotaja kaya zenye hali duni kuliko nyingine, kisha dodoso hujazwa na majina huhakikiwa.

*Nini kinapimwa.* Umasikini wa kaya: nyumba, chakula, mali, nguvu kazi. Ulemavu unaingia kama sehemu ya picha hiyo. Katika awamu iliyozinduliwa mwaka 2020, hesabu ya ruzuku iliangalia pia kama kaya ina mtu mwenye ulemavu, na kaya isiyo na mtu wa kufanya kazi haikutarajiwa kutoa mtu kwenye ajira za muda za kuchimba mitaro na kulima barabara.

*Unapata nini.* Fedha kidogo kwa kaya. Haziwezi kushika nafasi ya mshahara, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini kwa nyumba ambayo haina kabisa, ni unga na sabuni na daftari la mtoto.

*Karatasi na muda.* Hakuna dirisha la kwenda kuomba siku yoyote. Majina huingia wakati wa utambuzi, na huo huja kwa vipindi. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuwa unajulikana: mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wajue kwamba yupo mtu mwenye ulemavu ndani. Hapa nina ombi kwa familia. Zipo nyumba zinazomficha mgonjwa chumba cha nyuma kwa kuona haya, halafu siku ya mkutano hakuna anayesimama kumtaja. Mtajeni. Na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri amjue pia, kwa sababu barua yake inasaidia hata kwenye matibabu ya wasiojiweza.

*Inamfaa nani.* Kaya masikini isiyo na mwajiri wala michango: mkulima wa jembe la mkono Makete, mjane, mtoto aliyezaliwa na ulemavu. Ambaye ana sifa ya WCF au NSSF aanzie huko.

Viwili vinavyochanganywa na mafao

Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, haina riba, lakini ni mkopo. Inamfaa mwenye nguvu ya kuendesha biashara, kama kushona au duka dogo. Aliyelala kitandani usimwingizie deni.

Na bima ya gari. Aliyegongwa na gari barabara kuu ya Mbeya hadi Makambako, hata kama ni mkulima asiye na mfuko wowote, anaweza kudai fidia kwenye bima ya gari lililomgonga. Hakikisheni namba ya gari, jina la kampuni ya bima na PF3 havipotei siku ile ile, maana gari huondoka.

Kwa hali yako

Umeumia kazini na una mwajiri: WCF kwanza, leo, kwa maandishi. Saa yake ndiyo inayokimbia haraka. Mambo ya NSSF yafuate baadaye ukiona hutarudi kazini.

Umeugua ugonjwa wa kawaida, uko sekta binafsi, michango haijakatika: tumia siku 126 zako, omba taarifa ya michango, andaa faili la bodi ya madaktari wakati mshahara bado unaingia.

Wewe ni mtumishi wa umma: anza na afisa utumishi, na uhakikishe kila likizo ya ugonjwa iko kwenye faili.

Ulichangia zamani, ukaacha: hesabu miezi. Ikifikia 180, nenda NSSF kudai pensheni. Ikiwa pungufu na ile 12 ya mwisho haipo, nenda ukadai mkupuo, na wakati huohuo kaya ijulikane kijijini.

Bodaboda, mkulima, kibarua asiyeandikishwa: kama uligongwa na gari, bima ya gari. Kama uliumia ukimfanyia kazi mtu kwa malipo, usijihesabu umejiajiri kabla hujauliza WCF. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na wenzako waliokuwa pale ni mashahidi, waandikwe majina na namba za simu mapema. Kama hakuna kati ya hayo, ni TASAF na ustawi wa jamii.

Na kama ugonjwa ulianza taratibu na hujui ni wa kazi au si wa kazi, kama mgongo wa mpakia magogo au kifua cha mchimbaji, mwombe daktari aandike maoni yake kuhusu chanzo kabla hujachagua ofisi. Maoni hayo ndiyo yatakayokuambia kama uanze na WCF au na bodi ya madaktari ya NSSF.